Kikohozi cha Mzee Kondo

Mkipita Tandale mkasikia watoto wanaita "Marehemu! Marehemu ee!" na kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye kaptula yenye kiraka kikubwa makalioni anageuka kuwarushia kokwa la embe, msishangae wala msikimbie, huyo ni mie, na mie ni mzima kabisa, nimekula ugali leo mchana. Jina nililopewa na bibi yangu ni Doto. Hilo la Marehemu nilijitafutia mwenyewe kwa akili zangu hizi hizi. Naona aibu kusimulia, lakini najua mmeshausikia mkasa huu kwa watu wengine wameutia chumvi, wapo wanaosema nilipandwa na pepo, wapo wanaosema nililala ndani ya jeneza, na yupo mmoja wa Magomeni anaapa kwamba nilizikwa nikafukuliwa. Basi afadhali muusikie kwangu. (Habari ya kaptula nitaipitia haraka, nanyi ipitieni haraka.)

Mzee Kondo alikuwa fundi seremala, Mzaramo, na banda lake lilikuwa pale njia ya kwenda Kinondoni inapoingia kwenye mikorosho. Jina lake zima lilikuwa Petro Kondo, na tatizo lote limo humo. Alizaliwa Mwislamu kwa wazazi Waislamu. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipopita huku kwetu alikuwa bado mtoto, akabaki yatima, Walutheri wa misheni wakamchukua, wakamlea, wakambatiza Petro. Alipokua akamwoa Mama Rozina, Mngoni kutoka Songea, Mkatoliki asiyekosa misa hata akiwa na homa, na ndoa ikafungwa kwa Wakatoliki. Mtu mwingine hapo angeshachagua akatulia. Mzee Kondo Jumapili hii ungemkuta kwa Walutheri amesinzia kwenye benchi la nyuma, Jumapili ijayo yupo kwa Wakatoliki na mkewe, na Ijumaa watu wakitoka kuswali yupo barazani kwa Maalim Shomari, rafiki yake wa tangu utotoni, wanakunywa kahawa na kubishana juu ya mbao za mninga na mvule. Na kote huko amewachongea kitu. Mabenchi ya Walutheri ni yake, meza ya altare ya Wakatoliki ni yake, mimbari ya msikitini ni yake, na lile jeneza la msikiti tunalobebea maiti ni yeye pia. Ukimwuliza, Mzee, hasa hasa wewe ni dini gani, alikuwa anakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichoniponza. Kilikuwa kinaanzia chini, kama mtu anayeburuta benchi kwenye sakafu, kinapanda, kinakwama, halafu mwisho kinatoa kineno kidogo cha upole: "ehee." Mie Mungu amenipa kipaji kimoja tu, naweza kumwigiza mtu yeyote, mwalimu, jumbe, hata Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, akiongea Kiswahili chake cha puani. Lakini kikohozi cha Mzee Kondo ndicho nilichokiweza kupita vyote. Nilikuwa najificha nyuma ya nyumba yao, nakohoa, na Mama Rozina kule jikoni anaitika "Abee, baba!" na analeta kikombe cha chai ya tangawizi anakiweka dirishani, nami nakinywa chote. (Mwenyewe Mzee akija kuulizia chai anaambiwa ameshakunywa. Alijua. Siku moja alinitazama muda mrefu akasema, "Doto, hiyo sauti yangu uitunze, usiipoteze njiani." Nilicheka sana siku hiyo.)

Asiyekipenda kipaji changu ni Mwalimu Yoeli. Huyu ni mwinjilisti wa Walutheri hapa kwetu na ndiye mwalimu wangu wa darasa, kwa hiyo anaweza kunichapa kwa niaba ya pande mbili, mbinguni na skuli. Alikuwa ameshaniambia waziwazi, "Siku utakayonitia aibu mbele za watu, Doto, nitakurudisha kwenu Tabora ukachunge mbuzi."

Sasa, Mzee Kondo akafa. Ilikuwa Ijumaa alfajiri, katikati ya masika. Jana yake jioni alifanya kazi kama kawaida, akala, akalala, hakuamka.

Mie na bibi yangu tulifika msibani mchana, na tangu pale njiani niliona siku yenyewe haikuwa sawa. Mvua ilikuwa imesimama lakini wingu limeshuka mpaka kwenye vichwa vya minazi, kumekuwa giza la rangi ya maji ya mchele, na kuku wa Mama Rozina walikuwa wameshapanda kulala juu ya banda, mchana mweupe, wamejipanga kimya wanatutazama. Upepo hakuna, hata jani halitikisiki. Lakini kule ndani ya banda la useremala, ambalo halina ukuta wa mbele, niliyaona maranda ya mbao yakitembea chini. Yalikuwa yanasogea kidogo, yanatulia, yanasogea tena, kama mtu anapita katikati yao taratibu akitafuta kitu alichokiangusha. Nikajiambia ni panya. Mie huwa najiambia ni panya.

Uani watu walikuwa wamekaa mafungu matatu, na ungeweza kupitisha lori katikati ya fungu na fungu. Walutheri na Mwalimu Yoeli upande wa barabarani, Wakatoliki na Katekista Damiani karibu na jiko, Maalim Shomari na wapwa wa marehemu barazani. Maiti imelala ndani tangu alfajiri. Joto la masika mnalijua. Na wakubwa hawa watatu walikuwa bado wanagombea nani azike.

"Kondo nimecheza naye uchi," anasema Maalim. "Atazikwa na ndugu zake."

"Maalim, kwa heshima yako," anasema Mwalimu Yoeli, "huyu tumemlea sisi tangu hajaota ndevu. Nyie ndugu zake mlikuwa wapi?"

"Mlimlea, hatukatai," anadakia Katekista Damiani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. "Ndoa amefunga kwetu, na mjane huyu hapa ni wetu. Padre yuko safari. Akirudi nitamwambia nini, kwamba nimemwachia kondoo wake?"

"Kondoo wa nani?" akafoka mpwa mmoja, anakaza shuka kiunoni. "Rudia. Kondoo wa nani?"

Vijana wa Kilutheri nao wakasimama. Niliona mtu mmoja anaokota mpini wa jembe.

Hapo Mama Rozina akatoka mlangoni. Hakuwa analia. Alisema kwa sauti ndogo lakini uani kote ilisikika. "Mie sijali nani atamzika. Nataka azikwe leo, na nyie nyote mkiwepo, kwa sababu nyote mlikuwa watu wake. Giza likiingia yumo humu ndani na nyie mnapigana nje, atanyanyuka mwenyewe aende zake. Mie namjua."

Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja kule juu akafunua bawa, akalifunga.

Bibi yangu akanivuta mkono. Hapa niwaeleze wale wasiojua. Sie ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Kwenye msiba wa Mzaramo, Mnyamwezi ana haki ya kuziba mlango, ana haki ya kuiba sufuria ya wali, kulala ndani ya kaburi likichimbwa, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia, anaondolewa kwa kupewa kuku. Wala mtani haulizwi dini. Msiba wa Mlutheri ataingia, wa Mwislamu ataingia. Siku hiyo kati ya watu wote pale uani ni sie wawili tu tuliokuwa na ruhusa ya kupita kwenye mafungu yote matatu.

"Nenda kaibe sufuria ya wali ukimbie nayo," bibi akaninong'oneza. "Wakukimbize, wacheke, hasira zishuke. Mie goti haliniruhusu."

Angalieni basi. Sufuria. Niliagizwa sufuria. Ningeiba sufuria leo ningekuwa naitwa Doto. Lakini mie nikaona sufuria ni kazi ya watoto, na pale kwa Wakatoliki alikuwepo Zena, binti wa Maalim (alikuwa amekwenda kumsaidia Mama Rozina kuchambua mchele), ambaye kwa ajili yake ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuchana nywele, nikasema moyoni, leo Zena ataona mtani ni nini.

Nikaingia bandani.

Koti la Mzee lilikuwa kwenye msumari wake, na kofia yake juu. Msumeno ulikuwa umeachwa umekwama katikati ya ubao, kama anarudi sasa hivi. Nikalivaa koti. Lilikuwa la moto. Si moto wa jua, jua lenyewe hatukuliona siku ile, lilikuwa na lile joto la nguo mtu anapoivua akakupa. Nikajiambia labda lilikaa karibu na jiko la gundi. (Jiko la gundi lilikuwa limejaa majivu baridi. Nililiona. Nikajiambia vilevile.) Nikavaa kofia. Katikati ya banda palikuwa na kiti kipya cha mikono, kikubwa, kinang'aa, ambacho hakuna aliyejua anamchongea nani. Nikakiburuta mpaka pale mbele ambapo uani wote wataniona, lakini uso wangu ubaki kwenye kivuli. Nikakaa. Kwa starehe kabisa, nikaegemea.

Neno langu nilikuwa nimelitayarisha. Nitakohoa, watashtuka, halafu nitasema kwa sauti yake, "Mie nizikeni karibu na jiko, na pilau isikosekane." Watu wacheke, tupewe kuku, twende zetu.

Nikakohoa.

Benchi likaburutwa kwenye sakafu, likapanda, likakwama. "Ehee."

Nyie, mie nimechekesha watu sana, najua jinsi watu wanavyonyamaza kabla ya kucheka. Kimya kile hakikuwa hicho. Yule aliyeshika mpini wa jembe aliuachia na sikuusikia ukianguka. Na katikati ya kimya hicho, kutoka mlangoni, sauti ikaitika kama inavyoitika siku zote.

"Abee, baba."

Mama Rozina akaja. Alipita katikati ya mafungu yale, akasimama mbele ya kiti, hakunitazama usoni, alitazama chini, vile vile anavyosimama akileta chai. "Watu wamekuja, baba," akasema. "Hawajui wakupeleke wapi. Sema mwenyewe."

Nilitaka kumwambia mama, ni mie, ni Doto, mwizi wako wa chai. Nikawatazama wakubwa wale wanitoe kwenye balaa hili, maana wote watatu kila wiki wanatuhubiria juu ya mizimu na ushirikina mpaka tumekariri. Mwalimu Yoeli alikuwa amekumbatia Biblia kifuani. Mkono wa Katekista ulikuwa umefika kwenye paji la uso na umesahau kushuka. Tasbihi ya Maalim ilikuwa imesimama katikati ya vidole. Wote watatu walikuwa wameinamia upande wangu, wanangoja.

Basi nikaona liwalo na liwe, nikafungua mdomo niseme neno langu la pilau.

"Nipelekeni kwa mama yangu," mdomo ukasema. "Pale tulipomwacha na mbuzi yake ya nazi. Shomari anapajua."

Mie nikiigiza natumia koo. Sauti hii haikutoka kooni. Ilitoka chini, karibu na mkanda, ikapita kwangu kama mtu anavyopita kwenye nyumba ya jirani kukata njia. Na sikuwa najua kabisa Mzee Kondo alikuwa na mama. Kila mtu ana mama, najua, lakini hakuwahi kumtaja, wala mie sikuwahi kumfikiria.

Nikanyanyuka nikimbie. Kiti hakikuniachia.

Nikajaribu tena. Kitu kilikuwa kimenishika mapajani na makalioni, kwa upole lakini kwa nguvu, kama mikono ya mtu mzima inayomwambia mtoto tulia hapo.

"Nani kakwambia wewe?" Maalim alikuwa amesimama, mtu wa miaka yake. "Doto. Nani kakwambia habari ya mbuzi?"

"Sijui, Maalim. Wallahi sijui." (Mie si Mwislamu. Lilitoka tu.)

Maalim akakaa chini, pale pale mchangani, na kanzu yake nyeupe. Akaanza kusimulia akitazama mikono yake. Wakati wa vita watu wazima walikuwa wamekimbilia porini kuogopa kukamatwa upagazi, njaa kali, na mama yake Kondo alikuwa mgonjwa, hakuweza kukimbia. Walibaki naye watoto wawili, mwanawe na Shomari. Akafa. Walichimba kwa jembe bovu na kwa mikono, mwisho wa shamba la mihogo lililo nyuma ya nyumba hiyo hiyo ya Mzee, wakamfunika kwa majani ya migomba kwa sababu nguo haikuwepo, na kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kuweka kichwani pa kaburi, wakasimika mbuzi yake ya kukunia nazi.

"Hakukuwa na mtu wa kumsomea," Maalim akasema. "Mie Fatiha nilikuwa naijua nusu. Nikamsomea hiyo nusu. Tukaona aibu. Tukaapa tusimwambie mtu kwamba tulimzika mama wa mtu kama paka."

Halafu Katekista Damiani akashusha ule mkono. Safari hii hakuwa na sauti kubwa. "Meza ya altare hakutaka malipo," akasema. "Alitaka tumwombee mwanamke mmoja. Jina hakulitaja. Tunamwombea mpaka leo, kila mwezi."

Mwalimu Yoeli akawa anaifungua na kuifunga Biblia. "Na mabenchi yetu vilevile. Mwanamke mmoja. Nilimwambia, Petro, sisi Walutheri hatuombei wafu. Akakohoa, akaendelea kupiga misumari." Akaifunga Biblia. "Namtaja kimoyomoyo. Kila Jumapili. Msiniandikie barua kwa wakubwa."

"Mimbari pia," Maalim akasema. "Mie nilijua ni nani. Nyie sikujua kama mnamwombea."

Mama Rozina akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nyote mmekuwa mkimwombea mkwe wangu," akasema, "kila mtu amefunga mlango wake."

Mwalimu Yoeli akaiweka Biblia chini, karibu na Maalim.

Ni Katekista aliyekumbuka kwamba nipo. "Inuka sasa, mwanangu. Umemaliza."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuinuka. Kimenishika."

Nyie mngeona mafungu matatu yalivyoruka nyuma kwa pamoja, Waislamu kwa Wakristo, yakawa fungu moja. Aliyekuja mbele ni bibi yangu peke yake na goti lake bovu. Akanizunguka. Akainama nyuma ya kiti, akanusa.

"Vanishi," akasema.

Mzee alikipaka kiti kile vanishi jioni kabla ya kwenda kulala, na kwa ule unyevu wa masika haikukauka. Wapwa wawili wakanishika makwapa, bibi akasema haya, wakavuta. Mlio wake siuelezi. Mie nilikwenda mbele, kaptula ikabaki nyuma. Karibu yote. Koti la Mzee Kondo, ambaye alikuwa mtu mfupi, lilinifika kiunoni na hapo likaishia, na mbele yangu, sinia la mchele mkononi, nani kasimama? Zena. Zena alinitazama, akautazama mchele, akaliinua sinia likafunika uso wake, na mchele ukaanza kutikisika.

Ndipo walipocheka. Walianza wapwa, wakafuata wale vijana wa Kilutheri, halafu Maalim akiwa bado chini mchangani, anacheka na machozi yanashuka huku na huku. Mama Rozina akacheka mpaka akamshika Mwalimu Yoeli bega, na Mwalimu Yoeli akamwacha amshike. Bibi akanifunga kanga yake kiunoni, akapaza sauti, "Na kuku wetu msimsahau!"

Nilijua kwa nini kaptula ilibaki. Lakini nilipokuwa nafunga ile kanga niliangalia bandani, na maranda yalikuwa yametulia. Na koti, nilipolivua, lilikuwa baridi, lina unyevu, kama limening'inia pale usiku kucha.

Wakamzika kabla ya magharibi. Maalim alitutangulia kwenye mihogo, anapapasa na fimbo, na mwisho wa shamba akasimama. Ubao wa mbuzi mchwa walikuwa wameshaula zamani, lakini walipofyeka nyasi kilionekana chuma chake, ule ulimi wenye meno, umechomoza udongoni, umekula kutu. Wakachimba pembeni yake, Mlutheri akichoka anampa jembe Mwislamu, Mwislamu akichoka anampa Mkatoliki. Walimleta kwenye jeneza alilolichonga mwenyewe, amevishwa sanda, na Mama Rozina alikuwa amempenyezea rozari yake ndani ya sanda pale kifuani, jambo ambalo Maalim aliliona, akageuka kutazama minazi.

Kila mmoja aliomba kwa namna yake, na wengine wakangoja kofia mkononi. Maalim alikuwa wa mwisho. Alisimama kando ya kile chuma, akaanza kumsomea yule mama Fatiha. Katikati akasimama. Nilidhani analia. Halafu nikaelewa kwamba hapo ndipo alipoishia siku ile. Akavuta pumzi, akaimaliza. Aliposema "Amin" wengi waliitikia, na mwingine aliitikia nyuma yangu, sauti ya mwanamke, karibu na sikio. Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na mihogo tu. Mvua ikaanza hapo hapo na watu wakakimbia, na mie na kanga ya bibi nikawapita wote.

Jumatatu Mwalimu Yoeli akaniita mezani kwake. Fimbo ilikuwepo. "Ulijuaje, Doto?" Nikamwambia sijui. Akaangalia dirishani. Akasema hawezi kunichapa kwa yale niliyosema, kwa sababu hajui ni kosa la nani, kwa hiyo atanichapa kwa kuharibu kaptula ya skuli. Akanichapa kidogo. Tabora hakuitaja tena. Siku hizi Jumapili baada ya ibada namwona anakwenda kunywa kahawa barazani kwa Maalim, kwenye nafasi ile ile aliyokuwa akikaa Mzee Kondo, na Katekista anapita na baiskeli anasimama, wanabishana, ila mbao hawazijui kwa hiyo wanabishania mambo ya Mungu.

Ningeishia hapo. Lakini siku ya arobaini, watu walipokwisha kuondoka, Mama Rozina aliniita. Kile kiti alikuwa amekiingiza ndani, na kipande cha kaki cha kaptula yangu bado kimeganda pale katikati. Hataki kikwanguliwe. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, mvuke unatoka.

"Mwanangu Doto," akasema, "nilikuwa najua siku zote kwamba ni wewe nyuma ya nyumba. Nifanyie mara moja tu. Niitike mara moja, basi."

Sikuweza kumkatalia. Nikasimama, nikajiweka sawa, nikashuka chini kule kinakoanzia kikohozi, nikatafuta. Hapakuwa na kitu. Nikajaribu tena, kikatoka kisauti changu cha ujana kinachopasuka, kama jogoo anayejifunza. Nikajaribu mpaka koo likauma. Bwana Shauri ninaye, jumbe ninaye, Mwalimu Yoeli ninaye mpaka kesho. Mzee Kondo hayumo.

Mama Rozina alingoja na kikombe chake, midomo imeshajipanga kuitika. Alingoja muda mrefu. Halafu akakiweka kikombe mkononi mwangu.

"Basi amefika," akasema.

Niliinywa ile chai mbele yake, bila kujificha, mara ya kwanza. Na nimeapa, nyie wenzangu, msibani nikitumwa sufuria nitaiba sufuria, na koti la marehemu likiwa kwenye msumari litabaki kwenye msumari, hata akiwepo Zena, hata wakiwepo kina Zena kumi. Tangawizi ilikuwa kali. Nilipaliwa, nikakohoa, kikohozi changu mwenyewe, chembamba, na Mama Rozina aliinua kichwa haraka, akanitazama, akakiinamisha tena.